Matofali ya Moyo wa Kichuguu

Mnamo Novemba 1980, huko Katuba, mtaa mmoja wa mjini, Mwaba alihukumiwa kuwa mchawi kwa ushahidi wa ukuta. Ndugu za marehemu mumewe walikutana baada ya misa, wakasikiliza malalamiko ya mpangaji mmoja, kisha wakaamua: ikiwa ukuta wa chumba cha nyuma utaendelea kurusha mawe hadi Noeli, mjane ataondoka, na kiwanja kitakuwa cha Kapya, mdogo wa marehemu. Ukuta wenyewe ulikuwa nyuma ya viti vyao. Hakuna aliyeinuka kwenda kuutazama.

Kanisani Mwaba aliitwa Constance. Kwenye karatasi za serikali alikuwa Mwaba tu, kwa kuwa majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Mumewe Donat, mfanyakazi wa reli, alimwachia nyumba ya mbele na vyumba vitatu vya nyuma vya kupangisha. Mwaba alikuwa na tabia iliyowachekesha wengi. Kila alipopeleka mboga kuuza mtaa wa Bel-Air, alisimama mbele ya nyumba za watu na kuwauliza waashi maswali: mbona kuna matundu chini ya paa, mbona ukuta huu ni mnene kuliko ule?

"Mama, unataka kutunyanganya kazi?" waashi walimtania.

"Kuuliza tu. Kazi yenu mubaki nayo."

Kutokana na maswali hayo, aliamua kubomoa chumba kimoja cha matofali mabichi na kukijenga upya kwa matofali ya kuchoma, ili apate mpangaji wa kukaa. Udongo ulikuwepo: pembeni mwa kiwanja, kama katika viwanja vingi vya Katuba, kilisimama kichuguu kirefu kuliko paa. Chomba, mfyatua matofali, alitaka kukichimba ubavuni. Mwaba alikataa. Kila mtu mtaani alijua kwamba nguvu ya kichuguu iko moyoni mwake, pale anapolala mama wa mchwa, naye alitaka nguvu hiyo iingie katika nyumba yake. Chomba alitii. Matofali yalichomwa Septemba, ukuta ukasimama Oktoba, na Mado, mama kijana mwenye mtoto mchanga, akahamia.

Mvua ya kwanza iliponyesha, vipande vya matofali vilianza kuruka kutoka ukutani. Kimoja kilianguka ndani ya sufuria ya bukari, ugali wa huko. Mado alitoka mbio, mtoto begani.

"Mama Mwaba! Mule mu chumba iko muntu anatupa majiwe!"

"Anatupa kutoka wapi?"

"Kutoka mu ukuta!"

"Ukuta gani? Ile inapigwa na mvua, ao ile ya ndani?"

"Mama, miye nakuambia mambo ya bazimu, weye unaniuliza ukuta gani?"

Mado alihamia kwa dada yake, na habari ikamfikia Kapya. Alikuja akiwa amevaa abakosti, koti la wakubwa wa serikali, akasimama mbali.

"Mulamu," alimwambia mke wa kaka yake, "kaka yangu iko ndani ya ile ukuta. Anakukataa."

"Kama ni yeye, juu ya nini anatupa tu wakati ya mvua? Donat hakukuwa anachukia mvua."

Kapya aliitisha kile kikao cha ukoo baada ya misa. Ukuta wa mwanamume ukipasuka, watu humtafuta fundi. Ukuta wa mjane ulipopasuka, walimtafuta mchawi.

Mwaba alibakiwa na mwezi mmoja hadi Noeli. Alichukua kipande cha makaa na kuzungushia duara kila shimo ukutani. Yalikuwa mengi upande wa mvua, machache upande mwingine. Ndani ya kila shimo, chini kabisa, kulikuwa na kidoa cheupe. Alishangaa. Akaenda kwenye matofali yaliyobaki, yaliyohifadhiwa makavu chini ya mabati, akavunja moja. Ndani yake mlikuwa na punje nyeupe, ngumu, kubwa kama haragwe. Aliitia katika kikombe cha maji, akaketi kuitazama. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha punje ilipasuka, ikavimba, ikageuka uji mweupe, na kikombe kikapata joto mkononi mwake.

Alimwita Chomba. Mzee huyo alikuna kichwa.

"Ni chokaa, mama. Iko mu moyo ya kichuguu. Ukiichoma, inangojea maji. Miye nilisema tuchimbe pembeni."

"Ulisema kwa sauti kidogo."

"Juu sauti yako ilikuwa kubwa."

Chomba alijua dawa yake: matofali yazamishwe majini kabla ya kujengea, chokaa iishe nguvu humo humo. Walibomoa ukuta wa upande wa mvua, wakaloweka matofali yaliyobaki katika mapipa, wakatupa yaliyopasuka na kujengea yaliyosalimika. Mvua ilinyesha siku tano mfululizo. Ukuta ulinyamaza.

Jumapili kabla ya Noeli, ukoo ulikutana tena. Mwaba alitia punje mpya katika kikombe cha maji, akasubiri kidogo, akamsogezea Kapya.

"Tia kidole."

Kapya alikitia, akakitoa upesi. "Iko moto! Uliteka wapi hii maji?"

"Ku robine, mu bomba ya inje, mulamu. Kosa ni yangu, miye nililazimisha Chomba achimbe katikati. Ni kosa ya udongo, haiko ya bulozi, miye siko muchawi."

Julienne, dada wa marehemu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka. Alikwenda ukutani, akaupapasa, akarudi na swali: "Na nyumba yangu ya Kampemba inapasuka vile vile. Njo hii hii?" Wengine nao wakaanza kuuliza juu ya kuta zao, kila mmoja akitaka kikombe kimfikie. Hakuna aliyemwomba Mwaba radhi. Walimwomba awaeleze matofali yakae majini muda gani.

Tarehe 9 Machi 1981, kiwanja cha Donat kiliandikishwa kwa jina la Mwaba, na Kapya akatia sahihi kama shahidi.