Maziwa Ambayo Wangari Hakuyanywa

Kocha wa mbio wa dada yangu alinipigia simu nikiwa sokoni Nakuru, nikipanga viazi. "Njoo uone dada yako. Akiendelea hivi, nitamrudisha nyumbani." Wangari ndiye kitinda mimba wetu. Nyumba yetu ilipochomwa katika vita vya kikabila baada ya uchaguzi, baba na mama wakiwa ndani, niliacha shule nikamlea pamoja na ndugu zetu wengine. Mbio ndizo alizobaki akizipenda.

Asubuhi iliyofuata nilipanda basi la Eldoret. Sikuwa nimepita barabara hiyo tangu tulipotolewa huko kwa lori. Tulipofika Burnt Forest nilitafuta mahali nyumba yetu ilipokuwa. Nikaona mahindi tu, yamestawi, kana kwamba hapo hapakuwahi kukaa mtu. Nilishika kiti cha mbele kwa mikono miwili mpaka tukapita.

Eldoret kocha alinipokea, tukaenda kambini karibu na Kesses. Msichana mmoja alitoka nyuma ya jikoni, mifupa ya mabega imechomoza. Sikumtambua mpaka aliposema, "Mathe, umezeeka." Huniita hivyo, yaani mama, kwa utani.

"Na wewe umeisha," nikamjibu.

Kocha alinivuta kando. "Anakimbia asubuhi na jioni. Misuli inachoka, inachanika, lazima ijengwe tena. Ugali peke yake hauijengi. Inataka protini. Maharagwe anakula, lakini hayatoshi, na hapa tunategemea maziwa. Dada yako hayagusi."

Wakati wa chakula Mama Chebet, mwenye boma na mpishi wa kambi, alitikisa kibuyu akamimina mursik, yale maziwa lala, yaliyogandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa. Wangari akageuza uso.

"Huyu anaona maziwa yetu ni machafu," Mama Chebet aliniambia. "Ama anafikiri sisi wa kabila lingine tutamwekea sumu."

Wakimbiaji wakaacha kutafuna. Kwa aibu nikainua kikombe changu. Kabla hakijafika mdomoni, harufu ikanipiga: mbao zilizoungua. Nilikirudisha kwa kishindo, maziwa yakamwagika mezani. Nilimtazama Wangari. Miaka yote hiyo nilidhani alikuwa mdogo mno kukumbuka.

"Mama," nilisema, "wazazi wetu walichomewa ndani ya nyumba. Haya maziwa yananuka moshi."

Mama Chebet alikaa kwenye benchi kama mtu aliyesukumwa. "Na hukuniambia," akamwambia Wangari.

"Ningekuambiaje, Mama? Ni chakula chenu."

"Na mimi nimekuwa nikikusema kwa majirani."

Aliinuka, akaleta maziwa aliyokamua asubuhi, akayachemsha kwa gesi, mbali na kuni. Wangari alinywa polepole, macho ameyafumba, mpaka akamaliza.

"Leta kikombe," alisema Mama Chebet, akamjazia tena.

Kesho yake nilirudi Nakuru peke yangu. Nilikuwa nimejifunza kwamba mwili wa mkimbiaji hujengwa upya kila siku, na kwamba mtu anaweza kudhoofika mbele ya meza iliyojaa. Ndugu zetu waliponiuliza mbona sikuja na Wangari, niliwaambia nimemwacha akila.