Kipanya cha Kiganja Kidogo

Kompyuta ilifika kutoka Marseille bila kipanya. Mdogo wetu aliyeituma huenda alikisahau, au kilipotea bandarini, hatukujua. Alikuwa ameituma kwa binti yangu wa miaka sita, lakini kaka yangu mkubwa, aliyehamia Mutsamudu, kisiwa cha jirani, kwa biashara, aliitaka kwa ajili ya duka lake. Kwetu Komoro nyumba ni ya mwanamke, ila mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake. Akaamua kwamba mtoto akishindwa kuitumia hadi Ramadhani, kompyuta itavuka kwenda Mutsamudu. Sikubishana naye. Nilinuna tu, na mume wangu anajua mnuno wangu ulivyo mrefu.

Nilizunguka soko lote la Volo Volo, hapa kwetu Moroni. Vitambaa vipo, samaki wapo, redio zipo, kipanya hakuna. Basi nikafanya kama tufanyavyo tukimwagiza msafiri viatu vya mtoto. Nikachukua ukili wa kushonea mkeka, nikaupima kwenye mkono wa binti yangu kuanzia kifundo hadi ncha ya kidole cha kati, nikaukata, nikampelekea kaka anunue kwa kipimo hicho.

Nilijiona mjanja. Kumbe mguu huingia kiatuni umenyooka, na mkono hushika kipanya umekunjwa. Kaka naye akaongeza lake: akachagua kikubwa kuliko ukili, kama tununuavyo kanzu za Idi, ili mtoto akue nacho. Kikaja kitu kama mkate. Binti yangu alikishika kwa mikono miwili. Akikisogeza hafikii kitufe, akifikia kitufe mshale umeshakimbia.

Siku chache baadaye mamluki wa kigeni wakaingia tena Moroni kuipindua serikali. Tulijifungia ndani, redio tumeipunguza sauti, na kila umeme uliporudi mtoto alihangaika na mkate wake. Niliogopa, sikatai. Lakini kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nilikaa nikamtazama vidole. Nikaelewa kwamba kiganja chake kinatakiwa kulala juu ya kipanya, kifundo kikiwa mezani, na kidole cha shahada kifike kwenye kitufe bila kujinyoosha. Kitufe chenyewe kiwe chepesi. Hayo hayapimwi kwa ukili.

Mamluki walipoondolewa na ndege zikaanza tena, mimi mwenyewe nilimchukua binti yangu hadi uwanja wa ndege wa Ouani, kisha kwa teksi hadi Mutsamudu. Kaka alitupeleka kwa rafiki yake aliyeuza vifaa vya ofisi kutoka Dubai. Muuzaji akaanza kunisifia kipanya chenye vitufe vitatu. Nikamwambia asijichoshe na mimi, mnunuzi ni huyu mdogo. Kaka akacheka, akauliza tangu lini mtoto akachagua. Binti yangu alivijaribu kimoja kimoja, akaweka kiganja, akabonyeza, akarudisha. Vilivyong'aa alivikataa vyote. Mwishowe akashika cha kijivu, kidogo, bapa, kilichotengenezewa kompyuta za safarini.

"Hiki kinanisikia, mjomba," akasema.

Muuzaji akakiunganisha kwenye kompyuta yake. Mtoto akachora nyumba, akaitia mlango na madirisha, kisha chini yake akaandika jina la mjomba wake na kulihifadhi. Kipanya alikiendesha kwa mkono mmoja tu. Kaka aliinamia skrini akasoma. Jina lake halikukosewa hata herufi.

"Kompyuta ni yako, mwanangu," alimwambia. "Mimi nitatafuta yangu."

Siku ya ndoa yangu kubwa, ile ya mila yetu, nilivishwa dhahabu mji mzima ukitazama, nikadhani fahari ndiyo ile. Pale dukani nilikuwa na leso ya safari iliyokunjamana, na nilipotoka nilimtanguliza binti yangu mlangoni, ili watu wa Mutsamudu wamwone yeye kwanza.