Chumba cha Mzungu wa Nne

Kibao cha getini kwetu kinasema vitanda mia mbili na arobaini. Kibao hicho hakijawahi kulaza mgonjwa hata mmoja, ndiyo maana kinasema kwa kujiamini. Hospitali yetu ni ya misheni, haitafuti faida, haimrudishi mtu. Basi watu wanakuja, kutoka Kiswere, kutoka Pande, hata wale wenye zahanati mlangoni kwao. Mimi, Apolonia, muuguzi wa wodi ya wazazi mwaka wa kumi na moja huu, nina vitanda ishirini na vinne. Siku ninayoisimulia nilikuwa na wanawake arobaini na mmoja. Ukiniuliza walilala wapi, nitakwambia kamuulize Kudra.

Kudra ni mhudumu wetu. Anapiga deki, anabadili mashuka, lakini kazi yake hasa, ambayo haimo kwenye mkataba, ni kulaza watu mzungu wa nne: wawili kitanda kimoja, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, kama yule mzungu wa kwenye karata mwenye kichwa juu na kichwa chini. Usidhani anapanga ovyo. Mrefu anampa mfupi. Anayekoroma anampa asiyesikia vizuri. Wake wenza hawaweki pamoja. Aliwahi kukosea mara moja, tukashona mtu nyuzi tatu. Daktari akileta mgonjwa mpya anamtazama Kudra kwanza, mimi ananiruka. Niliwahi kununa kwa hilo wiki nzima na hakuna aliyeona.

Sheria yake ni moja: hakuna wa kupendelewa. Aliyepasuliwa tu ndiye hulala peke yake. Sasa Jumanne hiyo akaletwa Somoe kutoka Kiswere, mimba ya miezi minane, presha juu, miguu imevimba. Somoe ni binti yake Kudra, wa pekee. Mimba zake mbili za kwanza zilitoka. Daktari akasema huyu alale peke yake, alalie ubavu wa kushoto, atulie, la sivyo tutampoteza mtoto, na pengine mama pia.

Nikamwambia Kudra tumhamishe mtu. Akakataa.

"Nimtoe nani, Apolonia? Hawa wote ni watoto wa watu."

Akamlaza mwanawe na mwanamke mmoja wa Somanga anayerusha mateke usingizini, kwa kuwa ndiyo nafasi iliyobaki, kisha akaenda kusimama nyuma ya stoo. Nilimfuata. Alikuwa analia. Mimi machozi ya mtu mzima siyawezi, nikamfokea: "Si umwandikie Katibu!"

Katibu wetu, Dominick, ni kijana wa bara, alikuwa na mwezi mmoja tu hapa. Mpole, viatu vinang'aa. Alikuwa anahangaika na ugeni: wazungu watatu, wafadhili, walikuwa wanakuja kesho yake kuangalia kama watujengee wodi nyingine. Kudra akachukua simu, akamwandikia: "Mwanangu Katibu, mzungu wa nne haiwezekani tena. Daktari kasema alale peke yake, ana presha. Naomba kitanda leo."

Mtu mwingine angeuliza. Dominick ni mtu wa ofisi. Kwake kuuliza ni kukiri kwamba orodha yake ya wageni ina kasoro. Nyumba ya wageni ina vyumba vitatu tu. Akatoa meza kwenye ofisi yake, iliyo ukuta mmoja na wodi yetu, akaita watu wabebe kitanda chake mwenyewe kutoka nyumbani: sita kwa sita, cha mninga, godoro bado lina nailoni, alichochongesha Lindi kwa ajili ya harusi yake. Akatundika chandarua. Akaweka taulo, maji ya chupa, na maua. Kisha akajibu: "Shikamoo mama. Chumba cha mzungu wa nne kiko tayari."

Kudra alisoma ujumbe ule mara tatu. "Marahaba, baba," akaiambia simu. Tukamhamisha Somoe. Yale maua yalinitia wasiwasi kidogo, lakini nikasema moyoni labda kwao bara ndivyo wanavyofanya.

Kesho yake saa nne asubuhi Dominick akawaleta wageni wake. Wawili vijana, wa tatu mzee, daktari aliyewahi kufanya kazi huku kusini zamani. Katibu akawaambia mwenzao ametangulia, amelala kwa sababu ya presha. Wageni wakatazamana. Akabisha hodi, akafungua mlango, akamkuta Somoe kalalia ubavu wa kushoto juu ya kitanda cha harusi, na Kudra pembeni anampepea.

"Mama Kudra," akanong'ona, "mzungu wa nne yuko wapi?"

"Si ndiye huyu hapa!"

"Huyu?"

"Alikuwa mzungu wa nne mpaka jana. Sasa analala peke yake. Mungu akubariki, baba."

Yule mzee alicheka hadi akashika ukuta. Akawaeleza wenzake kwa lugha yao, huku akichora hewani kichwa huku na kichwa kule. Halafu akaacha kucheka, akamuuliza Kudra kwa Kiswahili, "Na wengine wa namna hiyo unao wangapi?"

"Vitanda kumi na sita. Kwa leo."

Akaomba avione. Alikaa wodini saa nzima, na alichoandika kilizidi ukurasa mmoja.

Somoe alijifungua Alhamisi asubuhi, mtoto wa kiume, kilo mbili na nusu, na kilio chake kilifika getini. Kudra alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa amepiga deki, akacheka na kulia pamoja. Safari hii sikumfokea.

Dominick akaja kutoa hongera, shingo imekakamaa. Siku mbili hizo alikuwa analala kwa mlinzi, kitanda cha futi tatu na nusu, mzungu wa nne. Maana yake sasa alikuwa anaijua vizuri.

"Mama," akasema kwa adabu, "kitanda changu nitakipata lini?"

"Kikiwa kitupu tu, baba, njoo uchukue."

Akashukuru, kijana wa watu, akaondoka ameridhika. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Miaka kumi na moja niko hapa sijaona kitanda kitupu, na harusi yake ni mwezi ujao.