Kwaheri Deo, Fundi wa Taa Isiyowaka Haraka

Jana tumemzika Deo, na leo asubuhi nimemwekea chai yake kwenye chumba cha mitambo. Nimeitazama mpaka ikapoa. Akili yangu imegoma kabisa.

Kwa msiomjua, Deo alikuwa fundi mwenzangu kwenye redio yetu ndogo hapa Mbinga. Moyo wake ulisimama ghafla akiwa shambani, anapalilia mahindi. Mtu ambaye maisha yake yote hakufanya jambo lolote kwa ghafla.

Nieleze kidogo kazi yetu, la sivyo hamtamwelewa. Ndani ya mtambo wa kurushia matangazo kuna saa mbili. Si za mishale, ni saketi zinazopiga mapigo kwa kasi sana. Moja haiyumbi. Ya pili inayumba, na kazi yake ni kuifuata ya kwanza.

Zikishikana, inawaka taa ya kijani iliyoandikwa LOCK, nasi tunaingia hewani. Zisiposhikana, ukirusha unaangukia kwenye masafa ya watu wengine.

Mtambo wetu ulipokuja, taa yake ilikuwa na kiherehere. Unawasha tu, kijani hiyo. Tukaiamini. Rozari yetu ikasikika katikati ya mpira wa redio ya jirani, na msikilizaji mmoja akapiga simu kuuliza mbona mtangazaji anasali, kwani tumeshafungwa?

Deo akasema taa inadanganyika. "Watu wawili wakipishana njiani, kuna mahali wako bega kwa bega. Utasema wanakwenda pamoja?"

Akaunda kisaketi chake cha kuhesabu. Saa hizo zipatane, zipatane tena na tena bila kukatisha, ndipo taa iwake na mtambo uruhusiwe kurusha. Na ikishawaka, isizimike kwa kujikwaa mara moja.

Kazi safi sana. Shida ni kwamba aliihamishia kwa binadamu.

Ukimpigia simu kwamba uko njiani, anasema sawa, halafu anaendelea kula. Bosi akimpa likizo, kesho yake anarudi kuuliza kama bado amepewa.

Agnetha, mkewe, alimkubali msimu wa kahawa, wakiwa wanachambua kahawa kwenye kichanja. Deo akamjibu, "Asante. Nitauliza tena Jumapili." Akauliza Jumapili, akauliza na iliyofuata, mpaka baba yake Agnetha kule Mkumbi akamwita.

"Kijana, wewe unaoa au unakagua?"

"Shikamoo baba. Nasubiri itulie."

Na kwenye ndoa, siku Agnetha alipochoka naye akamtupia begi nje, Deo alilibeba akalirudisha ndani. Akasema huko ni kujikwaa mara moja tu, lock bado ipo. Agnetha mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akiwa hana mbavu.

Sasa sikieni ya msiba huu.

Mama yake Deo anaishi Mbaha, huko ziwani. Simu yake haikupatikana, na bodaboda tuliyemtuma alinasa kwenye tope la Kingerikiti. Lakini mama ana redio aliyopewa na mwanawe, na huwa haizimi. Mazishi yalikuwa kesho yake. Asiposikia tangazo letu la vifo siku ile, mwanawe angezikwa bila yeye kumwona.

Umeme ulikuwa umekatika. Uliporudi nikawasha mtambo, na taa ikakataa. Saa zinagusana, zinaachana. Chumba kimejaa waombolezaji walioleta tangazo, bosi jasho linamtiririka.

"Fanya bypass, kiruke hicho kidude cha Deo. Si waya mmoja tu?"

Nikashika koleo. Nikikata, tangazo linaweza kwenda kwa redio ya jirani na Mbaha wakabaki na mchakacho. Nisipokata, pengine hatutoki kabisa.

Agnetha akasimama, macho mekundu. "Shemeji, weka hilo koleo chini. Mimi mwenyewe huyu alinisubirisha msimu mzima."

Watu wakacheka huku wanalia, nami nikaweka koleo chini. Tulikuwa bado tunafuta machozi taa ilipowaka, na safari hii ikatulia. Tukasoma tangazo mchana, na jioni tukalirudia.

Jana padri amefika, kaburi liko tayari, mama hayupo. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba muda unakwenda. Agnetha akagoma jeneza lisifunikwe. Nilimwonea huruma, na moyoni nilishakata tamaa.

Ndipo likaingia gari la usipa, dagaa wa huko ziwani, linanuka ziwa zima, na mama yake Deo amekaa mbele kwa dereva.

Nikampokea. "Shikamoo mama. Tangazo la mchana halikukufikia?"

"Marahaba. Lilifika. Majirani wakaanza kulia, nikawanyamazisha. Nikasema mtu anaweza kukosea, tungoje. Jioni likarudiwa. Ndipo nikatafuta gari."

Tukatazamana na Agnetha. Kumbe yule mtu alizaliwa hivyo.

Mama akasogea kwenye jeneza, akamshika mwanawe shavu, akamwita jina. Akangoja. Akamwita tena. Kisha akarekebisha kola ya shati lake na kutugeukia.

"Haya. Funikeni."

Deo, kaka yangu, mama amekuona. Pumzika sasa.