Chaza Waliomtesa Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, tunamwita Brashi. Kazi yake ni kuzama chini ya meli zilizofunga gati na kuzisugua matumbo, kwa sababu meli ikiota majani na magamba huwa nzito na hunywa mafuta bila huruma. Mimi hukaa juu na kumshikia mpira wa hewa. Kwa hiyo pumzi za mume wa dada yangu zimo mikononi mwangu, na sijamtania kwa jambo hilo zaidi ya mara mbili kwa wiki.

Kule chini haoni kitu. Husoma meli kwa kiganja: hapa majani, hapa magamba, hapa rangi tupu. Rangi ndiyo yenye matata. Imetiwa sumu makusudi ili viumbe wasijishikize, na ukiisugua inatoka kama vumbi. Ndiyo maana brashi yake imeungwa na bomba la kufyonza, linalopandisha uchafu wote hadi kwenye chujio huku juu.

Siku moja bomba likagoma. Msimamizi wetu akatazama saa, akamtazama nahodha, kisha akasema, "Sugua tu. Bahari kubwa hii."

Brashi akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Akazama, na haikupita robo saa maji yakawa mekundu kwa vumbi la rangi kuizunguka meli nzima.

Sasa, nyuma ya gati lile, mwendo wa dakika kumi tu, mama yangu anafuga chaza kwenye kamba. Chaza hula kwa kuchuja maji, na kilichomo majini huishia matumboni mwao.

Kesho yake Brashi akaenda kwa mama. Lakini kusema na mama mkwe si sawa na kusema na rafiki. Alikaa ukingoni mwa kiti, akaulizia mgongo wake, akaulizia bati linalovuja, mwishowe akasema huku anatazama sakafu, "Mama, hawa chaza wa wiki hii... usiwauze kwanza."

"Kwa nini, baba?"

"Basi tu, mama. Waweke."

Mama akafurahi mno. Kumbe mkwe wake mwenye haya anatamani chaza! Jioni ile likaja beseni limejaa, limefunikwa kitambaa. Siku iliyofuata likaja jingine, na jingine.

Kumrudishia mama mkwe chakula ni kumtukana. Kuwatupa, dada yangu angeona na angeuliza. Kuwapa watoto, hakuthubutu. Basi akawala peke yake jikoni, mlango umefungwa, mmoja mmoja, kama mtu anayemeza vidonge. Dada akanijia amevimba kwa hasira.

"Kaka, mume wangu amekuwa mlafi! Anawanyima hata watoto!"

Sababu niliijua. Nilijiambia mambo ya ndoa hayaingiliwi. Uongo mtupu, nilikuwa namwogopa mama.

Kumbe afisa wa uvuvi alikuwa amesikia habari za maji mekundu, naye akachukua chaza kadhaa kuwapeleka maabara. Siku ya tisa akaja na karatasi, sote tuko uani kwa mama. Akasoma: salama. Siku ile maji yalikuwa yanakupwa, yakauvuta uchafu mbali na kamba.

"Yangekuwa yanajaa," akasema, "leo ningekuja kulifunga shamba hili."

Akaondoka. Brashi akajiachia chini pale pale, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi sijapata kupenda karatasi ya serikali kiasi kile. Na kwa raha ile ulimi wa Brashi ukafunguka, akamwaga yote: bomba, rangi, mabeseni.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo watoto uliwanyima wasije wakadhurika."

"Ndiyo, mama."

"Nilidhani unataka kula, nikakuwekea wako. Waliobaki niliwauza. Jirani yangu mwenye mimba alinunua Jumanne, akarudi Alhamisi." Akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa juu, mama."

"Ulikuwa juu," akarudia, akainuka kwenda kuosha vyombo.

Wiki mbili baadaye bomba likagoma tena. Msimamizi akatazama saa. Kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimekwisha kuukunja mpira wa hewa na kuukalia.

"Leo hazami mtu," nikasema.

Alifoka, akatishia kutufukuza wote wawili, mwisho akapiga simu. Fundi akaja mchana, na meli ikang'oa nanga kesho yake, nahodha amenuna.

"Shemeji, hukuogopa?" Brashi akaniuliza tulipokuwa tunavua mabuti.

"Nimeogopa sana," nikamwambia. "Lakini asubuhi nilipita kwa yule jirani. Amejifungua salama, mtoto mzima kabisa. Kaniomba nimfikishie mama shukrani kwa wale chaza."