Maua ya Maboga na Sufuria ya Mama

Enzi zetu hapa Kilwa Masoko mtoto hakuulizwa anapenda kula nini. Aliulizwa kama amenawa. Chakula kilikuwa kimoja, sinia moja, na mwenye mkono mzito alilala na njaa kwa uzembe wake mwenyewe. Wala sisemi haya kwa uchungu. Nimeyakumbuka msimu huu wa mvua kwa sababu mama yangu, ambaye sasa anakaa kwangu, aliacha kula. Kitu pekee alichokubali kukitaja kwa mdomo wake kilikuwa majani ya maboga pamoja na maua yake.

Mama alizaliwa bara, upande wa Mtama, akaolewa huku pwani na baba, aliyekuwa mchuuzi wa ng'onda, samaki wa kukausha. Alikuja na mazoea ya kwao, na mojawapo lilikuwa kula maua. Kwa watu wa baba hilo lilikuwa jambo la ajabu. Bibi, yaani mama yake baba, tuliyekuwa tukiishi naye, alisema tangu azaliwe anajua ua huvaliwa kichwani, hajasikia linatiwa chunguni. Lakini kila yalipopikwa alisogeza sahani yake na kusema, "Nitilie na hayo matakataka yako kidogo." Kidogo chenyewe kilikuwa nusu ya sufuria, na hakuna aliyethubutu kucheka mbele yake.

Mvua zikishakolea, wanawake wa Kinjumbi, kule mashambani, walishuka sokoni na gari la asubuhi, mafungu yao ya mboga yamefunikwa kwa gunia bichi. Maua yalikuwa juu kabisa, yamelazwa ndani ya jani pana. Ilibidi tuwahi, maana ua la boga hufunguka alfajiri, na jua likipanda kidogo linajikunja na kulegea. Mama alitutuma mara tu baada ya swala, macho yetu yakiwa bado na tongotongo. Tuliambiwa tuchukue yenye kikonyo kirefu chembamba. Lile lenye kiboga kidogo shingoni tusiliguse. "Hilo lina mtoto," alisema mama. "Liacheni lizae."

Kazi yenyewe ilianza uani. Jani la boga lina nyuzi, na nyuzi hizo zisipotolewa zinakwaruza koo kama umemeza mkeka. Unavunja kikonyo kidogo, unavuta uzi taratibu mpaka kwenye jani, unageuza upande wa pili. Tulikaa duara sisi watoto wote, wa kike kwa wa kiume, na mama alipita nyuma yetu akipapasa kazi ya kila mmoja kwa vidole. Aliyeacha uzi alirudishiwa fungu lake. Vijana wa siku hizi wakiona jani lenye uzi wanasema mboga imeharibika.

Baada ya hapo mmoja alikalia mbuzi kukuna nazi, mwingine akakamua tui kwenye kifumbu. Majani yalichemka kwanza na tui jepesi, nyanya na kitunguu. Tui zito liliingia mwishoni, mwiko ukizunguka bila kupumzika ili tui lisikatike. Maua yaliwekwa juu kabisa, sufuria ikafunikwa kidogo tu. Harufu yake siwezi kuieleza vizuri. Ilikuwa ya shamba lililonyeshewa, iliyochanganyika na nazi ya moto.

Pale kwenye sinia ndipo udugu wetu ulipokoma. Maua hayakuwahi kutosha. Kaka yangu mkubwa alikuwa na ufundi wa kulificha ua ndani ya tonge la ugali huku akitazama pembeni, kama mtu anayewaza mambo ya dini. Tulisukumana, tulifinyana, na baba alikohoa ili tukumbuke adabu. Mama hakuwahi kukaa nasi. Alibaki mlangoni mwa jiko akituangalia, na tukimwita alijibu, "Kuleni, mimi nimeshaonja mpaka nimeshiba." Tukishainuka aliivuta sufuria katikati ya miguu yake na kuikomba kwa kipande cha ugali kilichobaki. Sisi tulidhani anapenda sufuria.

Baba na bibi wote wametangulia mbele ya haki. Ndugu zangu wametawanyika, wengine Dar es Salaam, mmoja Mtwara, na kaka yangu wa matonge tulimzika. Mama nilimchukua mimi. Nilimpa chumba chenye dirisha la kuelekea barabarani, apate kuona watu. Alipougua homa mwanzoni mwa mvua, chakula chake kikawa kinatangulia kupakuliwa kabla ya mtu yeyote nyumbani, sahani ikafunikwa kwa kawa na kupelekwa kitandani kwake. Mgeni aliyeona alisema mama anatunzwa. Lakini sahani ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Homa iliondoka, daktari akasema hana tena ugonjwa, na yeye bado hakula. Kanga zilianza kumzunguka mwilini mara mbili. Niliogopa, na usiku sikupata usingizi.

Binti yangu Rehema, anayesoma chuo Dar na alikuwa nyumbani kwa likizo, alisema, "Mama, bibi ana mapozi tu." Nilimkata jicho. Ni yeye aliyeketi kando ya kitanda na kumbembeleza mpaka mama akataja majani ya maboga na maua.

Nilikwenda sokoni. Majani yalikuwapo, maua hayakuwapo. Muuzaji mmoja, dada wa Kinjumbi, alinicheka kwa upole.

"Shikamoo mama. Maua siku hizi nani anayaulizia? Watu wanataka boga lenyewe."

"Marahaba. Mimi nayataka. Kuna mgonjwa nyumbani."

"Basi njoo kesho mapema. Nitakuchumia mwenyewe."

Kesho yake alinitolea furushi la jani, maua yote ya kikonyo kirefu, bado yana umande. Sikuwa nimemwagiza hivyo.

Nyumbani Rehema alichana majani yote akitafuta huo uzi, kisha akauliza kwa nini tusitumie tui la pakiti. Nilimkalisha kwenye mbuzi. Alikuna nazi kama anayeadhibiwa, na mboga ilipoiva aliipiga picha kwanza, pande zote, mpaka nikamnyang'anya mwiko. Nikapakua sahani ya mama, maua juu, nikaifunika na kuipeleka.

Mama aliifunua. Aliinusa muda mrefu, nami nikashusha pumzi. Kisha akairudisha.

"Wenzio wameshakula?"

"Wako mbali, mama. Nitawasimulia kwenye simu."

"Na huyu?" Alimwonyesha Rehema kwa mdomo.

"Bado. Tumekutanguliza wewe."

"Basi kuleni. Mimi nimeshaonja."

Hakuwa ameonja chochote. Nilisimama pale na sahani mkononi, na ndipo nilipoelewa tulichokuwa tukimfanyia kwa heshima zote. Mwanamke huyu katika maisha yake hajawahi kula kabla ya watu wa nyumba yake. Sisi kila siku tulimpelekea sahani ya kwanza, peke yake, katika nyumba ambayo hajui kama kuna mtu aliyeshiba, na tukashangaa haimshuki.

Nilimwambia Rehema atandike mkeka humo humo chumbani. Tukaleta sinia, ugali na mboga, tukala mbele yake, nasi tulikuwa wawili tu. Rehema alitaka kula kistaarabu, nikamfinya kwenye mkono na kuchukua ua lililokuwa upande wake. Akanitazama, akacheka, akalichukua la kwangu. Kitandani mama alijiinua akaegemea ukuta. Tulipomaliza Rehema akaenda jikoni akaleta sufuria, ambamo kwa makusudi niliacha mboga ya kutosha na maua mengi kuliko tuliyokula.

"Mmeshiba?" mama akauliza.

"Tumeshiba, mama."

Aligeuka kwa Rehema. Mtoto yule alikuwa na njaa, macho yake yako kwenye sufuria.

"Tumeshiba, bibi."

Mama alishuka kitandani polepole, akaketi mkekani, akaivuta sufuria katikati ya miguu yake. Alikula, na mwisho akaikomba kwa kidole. Zamani tulikuwa wengi na maua hayakutosha, naye akatuambia ameshiba, tukamwamini. Sasa maua yamebaki, wa kuyagombania hawapo, na zamu ya kusema tumeshiba imekuwa yetu. Sijui kama alituamini.