Sukari Isiyoamriwa na Mtu

Siku Nazih Dannawi alipofariki, darasa lilikuwa limeshampangia vikombe.

Mkewe, Widad, alitangulia chuoni na jiko dogo la gesi, birika la kahawa na kopo la sukari. Nazih alibaki nyuma akitafuta miwani, akasema atafuata kwa miguu. Wanafunzi wapya wa kozi ya mwanzo ya kuandika programu za kompyuta walikaa wakimngoja. Simu ilipolia, Widad alidhani anaulizwa miwani ilipo. Aliyepiga alikuwa jirani. Nazih alikuwa ameanguka ngazini, moyo umesimama.

Hiyo ilikuwa Oktoba ya mwaka juzi.

Leo, saa mbili asubuhi, Widad anafungua chumba kilekile katika chuo cha ufundi cha mtaa wa Abi Samra, juu ya mji wa Tripoli, Lebanon. Kompyuta zimelala, umeme wa serikali haupo, na jenereta haiwashwi mpaka saa nne. Anafuta vumbi mezani, anaweka jiko, kisha analitazama kama mtu anayetazama mlango wa nyumba aliyohama.

"Sijaliwasha tangu siku ile," anasema. "Nyumbani natumia jingine."

Widad ana miaka hamsini na sita. Hulipwa dola sita kwa kila saa anayofundisha, na likizo hailipwi. Mwanawe, Rabih, yuko Uswidi na kila Ijumaa humwambia ahamie huko. Hajaenda. Kwa miaka mingi yeye na mumewe waliifundisha kozi hii wawili: Widad akisimama upande wa wanafunzi, Nazih akiwa mashine.

Somo la kwanza lilizaliwa siku umeme ulipokatika wanafunzi ndio kwanza wameketi. Nazih alisimama mbele yao akasema, "Kompyuta zimekufa, mimi nipo. Mimi ndiye mashine. Niamrisheni nipike kahawa."

"Weka kahawa kwenye birika," kijana mmoja akasema.

Nazih alichukua kopo zima la kahawa, halijafunguliwa, akalisimamisha juu ya birika.

"We mzee, fungua kwanza!"

"Amri ya 'we mzee' siijui," alijibu, macho yakitazama ukuta.

Walimwambia kahawa ikichemka na kupanda aiondoe motoni, ikishuka airudishe. Hakuna aliyemwambia aache lini. Akaipandisha na kuishusha mpaka mkono ukachoka na darasa likalia kwa kicheko. Hapo wakaelewa kwamba mashine haijui ulichokusudia. Inajua ulichosema.

Na karibu kila mwaka walisahau sukari. Nazih aliwamiminia kahawa chungu, ile inayonywewa msibani, akawatazama wakikunja nyuso. Kikombe kimoja tu alikitia kijiko kimoja na nusu bila kuamriwa. Kilikuwa cha Widad.

"Mashine inadanganya!" wanafunzi walipiga kelele. "Nani kaamuru sukari hiyo?"

"Hiyo nilitoka nayo kiwandani," Nazih alikuwa akijibu.

Widad anacheka kidogo anapokumbuka. "Nilikuwa namwambia, Baba Rabih, unaniaibisha mbele ya watoto. Basi mwaka unaofuata anarudia." Anapangusa birika. "Kwenye msiba wake nilipewa kahawa kama wenzangu. Nikakishika kikombe, nangoja. Sijui nilikuwa nangoja nini. Nangoja mtu atie sukari."

Tangu hapo aliliruka somo la kwanza, akaanzia la pili. Mwaka jana zaidi ya nusu ya darasa waliacha kabla ya baridi kuisha. Mwezi uliopita mkuu wa idara, Daktari Isam, alimwita ofisini.

"Mama Rabih, sikufukuzi," alimwambia. "Lakini wanakimbia. Darasa hili nalo likivunjika, kozi itaonyeshwa kwenye skrini, masomo yaliyorekodiwa kutoka mji mkuu."

"Zamani pia waliogopa," Widad alimjibu.

"Waliogopa, ila walikuwa wakicheka."

Alirudi nyumbani na maneno hayo. Asubuhi hii amelichukua jiko.

Wanafunzi wanaingia. Ghina, ambaye baba yake ana tanuri la mikate mtaa wa chini, anakaa mbele. Bahaa, fundi wa simu, anakaa nyuma na miguu yake mirefu.

"Mwalimu, leo tunasoma au tunafungua mgahawa?" Bahaa anauliza.

"Leo mimi ni mashine," Widad anasema. Sauti yake ni ndogo. "Amrisheni."

Ghina anajaribu: "Chukua birika." Widad anachukua. "Tia maji." Widad anasimama palepale.

"Mwambie yako wapi!" Bahaa anadakia. "Huyo hana macho."

"Hana macho nani? Chunga mdomo wako na mwalimu," Ghina anamkemea.

"Si mwalimu, ni mashine!"

Wanacheka. Maji yanaingia, kahawa inaingia, moto unawaka. Bahaa anaamuru ipandishwe na kushushwa, na kama waliomtangulia, anasahau kusema mwisho. Mkono wa Widad unapanda, unashuka, unapanda.

"Mwalimu, basi! Itamwagika!"

"Amri ya 'mwalimu, basi' siijui," anasema Widad, na kwa kitambo mkono wake unasita hewani.

Ghina ndiye anayeipata: "Ikipanda mara ya tatu, zima jiko." Moto unazimwa. Vikombe vinajazwa. Bahaa anapiga funda na kukunja uso.

"Mungu amrehemu! Nani kafa?"

Ghina anamfinya mkono. Abi Samra yote inajua habari ya Nazih. Bahaa anaweka kikombe chini, masikio yamemwiva. "Mwalimu, nisamehe, mimi sikuwa..."

"Mashine haina cha kusamehe," Widad anasema. "Sukari mliniamuru?"

"Hapana."

"Basi."

Anamimina kikombe chake mwenyewe. Kopo la sukari liko karibu na kiwiko chake. Haligusi. Anainywa kahawa yote mpaka kwenye mashapo.

Baadaye, wanafunzi wakisuuza vikombe, anasema anachokitaka. Anataka darasa hili lifike mwisho wa mwaka likiwa zima, ili mwakani mmoja wao awe mashine. "Yule mrefu angefaa," anasema. "Ana uso wa kubishana. Mimi nirudi upande wangu, nisimame na watoto."

Anaulizwa kama mashine hiyo mpya itajua kuhusu sukari ya kikombe chake.

"Ile haifundishwi," anasema, na kulifunika kopo.

Saa nne jenereta inawashwa na kompyuta zinaamka. Somo la pili ni Jumatano. Jiko halikurudi nyumbani. Liko kabatini, darasani.